Kibegi cha mkanda mmoja Kariakoo

Mtaa wa Kongo pale Kariakoo jijini Dar hauna mchezo! Jumamosi moja nilikuwa napita na kibegi changu cha mkanda mmoja, kile cha kukatiza kifuani. Ndani mna tochi, chaja, mwavuli na dawa za presha za mama.

Mara machinga mmoja akapaza sauti: "Anko, begi weka mbele!" Kugeuka, zipu iko wazi, mwavuli hauna. Kibaka kaishia zake. Moyo ulinipasuka, mpaka nilipopapasa mfuko wa ndani, ule unaolalia mgongo wangu. Dawa zipo! Tangu siku hiyo, penye watu nalizungusha kifuani.

Kibegi chenyewe nilikiokota mitumbani Karume. Nilichagua cheusi, cha mabaka nikakiacha. Si mnakumbuka Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 raia wasalimishe mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo? Sitaki kesi miye.

Kukitunza si kazi. Kifue kwa mkono, maji baridi na sabuni kidogo. Maji ya moto yanaharibu utando wa ndani unaozuia mvua. Kianike kivulini. Zipu ikigoma, toa mchanga kwa mswaki mkuukuu, kisha ipake mshumaa. Uzi wa mkanda ukianza kuachia, mwone fundi viatu mapema, usingoje ukatike katikati ya Msimbazi.

Mwavuli? Ndiyo hivyo tena, nilirudi nimelowa. Lakini mama alimeza dawa yake kwa wakati.