Mbuzi 40 waligeuka 4, na kosa lilikuwa langu

Leo hakuna video, ni maandishi tu, kwa sababu hii stori bado inaniuma na sitaki mnione uso.

Shangazi yangu hununua mbuzi kwa wafugaji kule Kakuma na kuwauzia wenye bucha hapa Lodwar. Ni kama kilomita 120. Zamani alikuwa anapigia wateja simu mmoja mmoja, na mtandao ukipotea biashara inalala. Mimi kijana wa kompyuta nikamwambia, shangazi tulia, nitakutengenezea kitu. Nikaandika programu ndogo kwa Node.js: simu yake inatuma mistari kama "mbuzi 40", seva inaipokea na kuisambaza kwa simu za wenye bucha.

Jumanne moja akaandika mbuzi 40. Bucha zikaona mbuzi 4. Sasa nani atatoa lori Lodwar kwa sababu ya mbuzi wanne? Mteja wake mkubwa akachukua mzigo kwa mtu mwingine. Shangazi akabaki na mbuzi 40, analipia maji na mchungaji mpaka Ijumaa. Aliponipigia hakunifokea. Aliuliza tu, "Mwanangu, sifuri yangu umeipeleka wapi?"

Afadhali angenifokea.

Wacha niwaeleze sifuri ilienda wapi. Mnajua vibanda vya chai hapa town. Mama chai mzuri hasimami juu ya sufuria moja akingoja ichemke huku wateja kumi wanamwangalia. Anaweka chai jikoni, anageuza mandazi, anapokea pesa, na sufuria ikianza kufurika ndiyo anageuka. Node, ambayo Ryan Dahl aliitoa mwaka 2009, inafanya kazi hivyo. Soketi zake hazisubiri. Ukiuliza "kuna kitu?" na hakuna, unajibiwa hapo hapo hakuna, unaenda kwa mwingine. Kukiwa na kitu, tukio linaitwa na kazi yako inaamshwa. Ndiyo maana mashine moja ndogo inaweza kushika maelfu ya watu. Tamu sana.

Lakini tukio linakuambia jambo moja tu: kuna baiti zimefika. Halikuambii ujumbe umekamilika. TCP haijui ujumbe ni nini, haijui mbuzi, haijui mstari. Ni mkondo. Inaahidi baiti zitafika kwa mpangilio wake, basi. Zikatwe wapi njiani, hiyo si shida yake.

Mezani kwangu nilijaribu mara mia. Natuma mstari, unafika mzima. Natuma mwingine, mzima. Nikajiita fundi.

Kakuma ni kama mto Tarach. Mtandao unakauka masaa, halafu unashuka wote kwa mpigo. Siku hiyo ulipotea tangu alfajiri, na shangazi akaendelea kuandika: mbuzi, kondoo, bei, nani amelipa nani bado. Mistari kama themanini ikajaa kwa simu. Mtandao uliporudi, yote ikatoka pamoja. Pakiti moja kwa kawaida hubeba baiti elfu moja mia nne na kitu, kwa hivyo mzigo ukakatwa vipande, na mkato ukaangukia katikati ya arobaini. Kipande cha kwanza kikaishia na "mbuzi 4". Cha pili kikaanza na "0".

Na mimi, mjanja, kila kipande kikifika nilikuwa nakigawanya kwa mistari na kuchukulia mstari wa mwisho ni mzima. "Mbuzi 4" ikaenda sokoni. Ile "0" programu yangu iliona ni takataka, ikaitupa kimya kimya. Hata haikuandika popote kwamba imetupa kitu. Hiyo ndiyo inaniudhi zaidi.

Kurekebisha ni mistari mitano hivi. Chochote kilicho baada ya alama ya mwisho wa mstari hakijaiva, kiweke kwa bafa, kipande kingine kikija ukiunganishe mbele yake. Na kila muunganisho uwe na bafa yake mwenyewe! Ukiweka moja ya watu wote, sifuri ya shangazi itahamia kwa mbuzi wa jirani, na mtu ataamka tajiri bila kujua.

Upande wa kutuma pia kuna mtego. Simu ya mwenye bucha ikiwa polepole, Node inakuwekea mzigo kwa kumbukumbu, na write inakurudishia false, yaani ngoja kwanza. Wengi hatuangalii. Ngoja tukio la "drain" ndipo uendelee, la sivyo seva inavimba mpaka inakufa.

Kuna lingine nililigundua nikiwa hapo hapo natafuta sifuri. Simu ikizimika au mnara ukikata ghafla, hakuna anayeaga. Hakuna tukio linalokuja. Seva yangu ilikuwa na miunganisho mingi "hai" ya simu zilizokuwa zimekufa tangu jana yake. Linux yenyewe, hata ukiiwashia ukaguzi wa uhai, kwa kawaida inangoja sekunde 7,200 kabla ya kubisha hodi mara ya kwanza. Masaa mawili! Sasa simu inatuma nukta moja kila sekunde 30, na zikipita 90 kimya, nafunga. Inakula bando kidogo, lakini kidogo tu.

Masomo mengi ya hizi vitu nimeyafuata mtandaoni na karibu yote yanaishia pale kwa mfano wa seva inayorudisha ulichotuma. Mwalimu anaandika "hello", inarudi "hello", kila mtu anafurahi. Mwalimu hajawahi kuketi Kakuma akingoja mnara. Siku hizi kabla sijampa mtu kitu, naituma baiti moja moja kwanza, halafu yote kwa mpigo, halafu nazima data katikati ya neno.

Shangazi amekubali kuitumia tena. Lakini kila akituma, dakika moja baadaye simu yangu inalia. "Umeona ngapi? Nisomee."