Akisema "Niache", Usimwache Upesi

Juzi nilikwenda mjini nikatazama sinema ya Wamarekani iitwayo The Grey, ya mwaka 2011. Ndege iliyochukua wafanyakazi wa mafuta yaanguka katika theluji ya Alaska. Wachache waliopona wanawindwa na mbwa-mwitu, nao wafa mmoja mmoja.

Sikuridhika. Wanyama wale wamefanywa kama mashetani, hali kwa kweli mbwa-mwitu humshambulia mtu kwa nadra sana. Naye kiongozi, Ottway, amwita Mungu kwa hasira, haoni ishara, basi ashika njia yake mwenyewe. Kana kwamba dawa ya udhaifu ni ukaidi tu.

Lakini yuko mmoja, Diaz. Kwanza ni mgomvi mwenye majivuno, hata amtolea Ottway kisu. Mwishowe goti limeumia, nguvu zimemwishia, aketi kando ya mto na kusema hawezi tena. Wenzake wawili wampa mkono, waenda zao.

Nilipoona hayo nilikasirika, kisha nikaona haya. Jioni moja jirani yangu mgonjwa aliniambia, "Niache tu, ndugu, nenda zako." Nami karani, mwenye haraka ya kumaliza daftari la ubatizo, nikamwacha. Alfajiri nikasikia kilio.

Basi, msomaji, mtu aliyechoka akikuambia "niache", usimwitikie upesi. Pengine huwezi kumponya. Lakini kuketi naye waweza.