Hamamu ya Wapita Njia katika Nchi ya Theluji



Sisi watu wa Pwani huoga ili tupoe. Mwaka uliopita tulijaaliwa kufika mahali ambapo watu huoga ili wapate joto la kuishi. Mahali hapo ni Lapland, kaskazini mwa Ufini, katika hifadhi ya Urho Kekkonen iliyoanzishwa mwaka 1983. Mwenyeji wetu alikuwa mpwa wetu anayefanya kazi Helsinki. Ilikuwa Desemba, mwezi ambao jua huko halichomozi kwa wiki kadhaa, na kipimajoto kilionyesha nyuzi 24 chini ya sifuri.

Baada ya mwendo wa saa mbili juu ya theluji, vidole vyetu vilikufa ganzi hata tukashindwa kufungua vifungo vya makoti. Kando ya ziwa lililoganda tulikuta nyumba ya kulala wageni, isiyo na mlinzi wala kufuli, na ubavuni mwake kibanda cha magogo. Hicho ndicho sauna, hamamu ya wapita njia.

Aliyekijenga alimfikiria mgeni aliyechoka. Hakina mabomba, kwa kuwa maji yakiganda huyapasua. Maji huchotwa kwa ndoo katika tundu lililotobolewa barafuni. Chumba cha kwanza ni cha kuvulia nguo. Cha pili, chenye dari ya chini na dirisha dogo, kina jiko lililopangiwa mawe. Kwa kuwa hewa ya moto hupanda, mabenchi yamepandishwa juu kama ngazi, na vichwa vya misumari vimefichwa visiunguze ngozi. Mlango hufungukia nje na hauna komeo, ili aliyeshikwa na kizunguzungu ausukume tu, atoke. Wenyeji huoga bila nguo. Sisi tulijifunga vikoi vyetu, tukayamwagia mawe maji, na mvuke ukaturudishia vidole vyetu.

Lakini kilichotugusa zaidi ni kuni. Jioni ile mikono yetu isingeweza kushika shoka. Karibu na jiko tulikuta kuni kavu zimekwisha kupasuliwa, pamoja na maganda ya mti ya kuwashia. Alizipasua mtu tusiyemjua, naye hakutujua. Ndiyo desturi ya njia ile: mtu haondoki mpaka amemwekea kuni anayekuja.

Asubuhi tuliharakia kuondoka. Mpwa wetu akatuzuia kwa upole: “Mjomba, bado zamu yetu.” Tukaona haya, tukashika shoka.

Tuliporudi nyumbani tuliitazama birika ya msikiti wetu kwa jicho jingine. Wazee wetu waliijenga kwa ajili ya watu wasiowajua, wakatia na visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Sisi je, tukimaliza kutawadha, twaacha kata imetupwa chini na bomba likimwaga? Basi kila mmoja na ajiulize, yeye na watoto wake: anayekuja nyuma yetu atakuta nini? Mola atujaalie tuwe watangulizi wema. Wabillahi tawfiq.