Mji Uliolea Nyimbo

Kila nisikiapo tarumbeta zikiongoza wimbo kanisani, naukumbuka mji wa Leipzig katika nchi ya Ujerumani. Haukuwa mji wa kifalme. Ulikuwa mji wa wafanya biashara. Lakini sifa zake zimeenea duniani kwa ajili ya muziki, nami napenda kuwaeleza sababu yake.

Mwaka wa 1212 nyumba ya watawa ilianzishwa penye kanisa la Mtakatifu Thoma, na wavulana wakafundishwa kuimba katika ibada. Kwaya ile haijakoma. Umri wake umepita miaka 800. Mwaka wa 1723 ilipata mwalimu aliye mashuhuri kuliko wote, Johann Sebastian Bach. Katika miaka yake ya kwanza alitunga wimbo mpya mrefu karibu kwa kila Jumapili, akadumu katika kazi yake hata akafa mwaka wa 1750.

Wafanya biashara nao walipenda muziki. Mwaka wa 1743 walianza kuwalipa wapigaji 16. Mwaka wa 1781 wapigaji wakapewa ukumbi katika nyumba ya wauza nguo. Ndiyo maana hata leo kundi lao huitwa Gewandhaus, yaani Nyumba ya Nguo.

Mwaka wa 1835 akaja Felix Mendelssohn kuwaongoza. Yeye alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, naye alibatizwa utotoni. Siku zile kazi nyingi za Bach zilikuwa zimesahauliwa na watu. Mendelssohn alizifufua, tena akapiga kinanda kanisani ili kuchanga fedha, na mwaka wa 1843 ukumbusho wa Bach ukasimamishwa. Mwaka ule ule akaanzisha chuo cha muziki.

Nifikapo hapa nahuzunika. Mji ulimsimamishia Mendelssohn sanamu mwaka wa 1892. Lakini mwaka wa 1936, katika utawala wa Wanazi, ilibomolewa usiku, kwa sababu tu ya asili yake ya Kiyahudi. Yeye aliyetunza kumbukumbu ya mwenziwe, yake mwenyewe ikaondolewa! Walakini nyimbo zake hazikubomoka. Mwaka wa 2008 sanamu nyingine, mfano wa ile ya kwanza, ilisimamishwa karibu na kanisa la Thoma.

Kwa habari hizi naona kwamba urithi wa muziki si mali ya kufungiwa sandukuni. Huishi katika vinywa vya waimbao na mikono ya wafundishao, wakinyamaza, hupotea. Sisi nasi tu warithi. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka wa 1893 pamoja na nyimbo zao, nao wakawakuta wenyeji wana nyimbo zao wenyewe, za kazi na za furaha. Zote mbili zataka watunzaji.

Basi, wanafunzi, bibi yako akikufundisha wimbo wa zamani, au mwalimu akikufundisha sauti ya kwaya, ushike sana. Kisha mfundishe mdogo wako.