Kurasa za Kigombe

Kabla ya 2004 chumba kile kilikuwa stoo ya majembe na mafagio. Tulikifuta vumbi, tukakipaka chokaa, tukakiita maabara ya kompyuta. Shule yetu ya sekondari ilikuwa Tanga, upande wa mji unaopokea upepo wa bahari bila kizuizi, na chumvi ya upepo ule ndiyo iliyokuwa adui wa kwanza wa mashine zetu. Ilikula bawaba za madirisha, ikala skrubu, ikaingia hadi ndani ya makasha na kuotesha kutu kwenye vyuma vidogo ambavyo hata majina yake hatukuyajua. Kompyuta zenyewe zilikuwa za msaada, zilishatumika maofisini Ulaya kwa miaka kabla ya kupakiwa melini: Pentium II zenye Windows 98, na skrini nene zilizobebwa na watu wawili. Mimi nilikuwa mwalimu wa Baiolojia. Nilikabidhiwa ufunguo kwa kuwa niliwahi kusoma kozi fupi ya kompyuta Dar es Salaam, na hapakuwa na mwingine.

Miaka ile neno TEHAMA lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Sera ya taifa ilitoka 2003, na 2007 ikafuata ya elimu ya msingi. Lakini mwanafunzi aliyeingia maabara alifundishwa kuwasha, kuzima, kuchapa barua ya kuomba kazi na kukoleza kichwa cha habari. Kwangu hilo lilikuwa dogo mno. Tangu darasa la kwanza watoto wetu wamezoea kunakili notsi ubaoni. Sikuona faida ya kuwapa kibodi ili wanakili notsi zilezile. Nilitaka waandike jambo ambalo halimo kitabuni, na lisomwe na mtu asiyewajua. Tovuti ingewezesha hilo. Kwa nauli ya daladala na nusu saa ya intaneti kafe mjini, kazi ya kijana wa kidato cha tatu ingesomwa Mwanza, na ingesomwa Maskati.

Mkuu wa taaluma alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, hili litatoka kwenye mtihani?"

Lilikuwa swali la haki. Wazazi wetu walikuwa wanauza nazi, dagaa na maandazi ili walipe ada, na walichosubiri ni matokeo ya kidato cha nne. Nilimjibu kwamba halitatoka. Tukakubaliana kazi ifanyike jioni baada ya vipindi, na Jumamosi asubuhi. Gharama ya makubaliano yale waliibeba wasichana, kwa sababu jioni ndiyo saa ya kuchota maji, kupika na kulea wadogo. Nilipita majumbani, Ngamiani na Chumbageni, kuwaomba kina mama. Baadhi walisema, "Mchukue mwalimu, ilimradi arudi kabla ya magharibi." Baadhi walikataa kwa adabu. Wale waliokataliwa nawakumbuka kwa majina hadi leo, maana miongoni mwao walikuwamo waandishi wazuri kuliko wengi waliokuja.

Ndani ya maabara nako kulikuwa na vita vya kibodi. Kompyuta moja watu wanne, na kila mara aliyekuwa na kompyuta kwao ndiye aliyekaa katikati, wengine wakichungulia begani. Nikaweka sharti: anayejua asiguse kibodi, aelekeze kwa mdomo tu. Siku za mwanzo walinung'unika sana. Baadaye niligundua kwamba kijana anayelazimika kumwelekeza mwenzake kwa maneno anajifunza mara mbili, na yule aliyekuwa anaogopa kuigusa mashine anapata nafasi ya kukosea bila kunyang'anywa.

Halafu ukaja mgawo wa umeme wa 2006. Mvua zilikuwa zimekosekana, maji ya mabwawa kama Mtera yalishuka, na nchi nzima ikaingia gizani kwa zamu. Kwetu umeme ulikatika mchana na kurudi usiku, wakati shule imefungwa. Hapo ndipo tulipohamia kwenye daftari. Tulikuwa tunaandika kurasa kwa HTML tupu kwenye Notepad, na HTML ni maandishi tu: unaweka alama ya kufungua, unaandika, unaweka alama ya kufunga. Hakuna kinachozuia kuyaandika kwa kalamu. Mwanafunzi aliandika ukurasa wake daftarini, akampa jirani, na jirani akawa kivinjari: alisoma alama moja baada ya nyingine na kuchora kwenye karatasi nyingine kile ambacho skrini ingeonyesha. Mwenye ukurasa akisahau kufunga alama ya herufi nzito, jirani aliendelea kukoleza kila neno hadi mwisho wa karatasi. Darasa lilicheka, na kosa lile halikurudiwa. Naamini hadi sasa kwamba somo lile la gizani lilizidi lolote nililofundisha umeme ukiwapo.

Vikundi vilichagua mada vyenyewe, kwa sharti moja kwamba iwe ya Tanga. Kimoja kilichukua mkonge. Kingine kilimchukua Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kuzikwa Machui, mahali ambapo wengi wao walikuwa wanapita kwa daladala bila kujua. Cha Mapango ya Amboni kiligombana wiki nzima juu ya hadithi ya mbwa anayesemekana aliingia pangoni akatokea Kilimanjaro: iandikwe kama habari au kama hadithi? Mwishowe wakaandika "waongozaji husimulia kwamba", na nikawapongeza kwa maneno hayo matatu kuliko kwa ukurasa wote.

Kikundi cha nne kilimchukua silikanti, na hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa.

Samaki huyu alidhaniwa ametoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hadi mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938, na Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya East London, akamtambua kuwa si samaki wa kawaida. Vitabu vya Baiolojia vilimtaja kwenye mada ya mageuko ya viumbe, mada ambayo wanafunzi waliikariri kama mambo ya nchi za watu. Kumbe tangu 2004 wavuvi wa pwani yetu walikuwa wanamvua, tena wengi, na hasa Kigombe, kijiji kilicho kwenye njia ya Pangani. Mmoja wa wasichana wa kikundi kile alikuwa mtu wa Kigombe. Aliposoma kitabu alininong'oneza, "Mwalimu, huyu babu yangu anamjua."

Tulikwenda Jumamosi moja, daladala imejaa, vumbi jekundu na mashamba ya mkonge pande zote mbili. Binti alikuwa amemchora silikanti kwa penseli, akifuata picha ya kitabuni. Tulimkuta mzee chini ya mkungu akishona wavu. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani, alipokea mchoro, akauweka mbali na macho, akautazama sana.

"Mjukuu wangu," akasema, "pezi la huyu haliotei mwilini moja kwa moja. Lina shina nene, la nyama, kama mkono wa mtoto mchanga. Nimelishika mwenyewe."

Nilisisimka. Lile shina la nyama lenye mifupa ndani ndilo linalowafanya wanasayansi wamhusishe samaki huyu na asili ya wanyama wa miguu minne. Mzee alikuwa ameliona kwa mikono yake, bila darubini na bila kitabu. Akaendelea: akitoka majini ana rangi ya buluu yenye mabaka meupe, akifa anageuka kahawia, nyama yake ina mafuta mengi, haiuziki, zamani hawakumpata kwa sababu nyavu za jarife, za kunasia papa, zilitegwa karibu, lakini papa wa karibu wamepungua, sasa nyavu zinatoswa kwenye kina kirefu zaidi. Wanafunzi wangu, ambao darasani hawakuwa wanauliza kitu, walimmiminia maswali hadi adhana ya alasiri. Nyavu zinakaa usiku kucha? Mlimfanya nini wa kwanza? Mnamwogopa? Binti alifuta mapezi na kuyachora upya palepale, babu yake akimwelekeza.

Ukurasa ule waliuandika kwa Kiswahili, ingawa lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza. Kwa Kiingereza waliniletea sentensi zilizotoka kitabuni neno kwa neno. Kwa Kiswahili waliweza kupima kama walichoandika ndicho alichosema mzee.

Tuliupiga mchoro picha kwa kamera ya kuazima, tukauweka. Maabarani ulionekana vizuri. Nikabeba faili kwenye flashi hadi kafe, nikazipandisha kwenye huduma ya bure, na mahali pa picha pakatokea kisanduku kitupu chenye alama nyekundu. Tulihangaika na kisanduku kile muda mrefu. Tulibadilisha ukubwa wa picha, tukaandika upya ukurasa, tukasafisha flashi iliyokuwa imejaa virusi. Aliyepata jawabu ni mvulana mkimya aliyekuwa kivinjari hodari kuliko wote siku za daftari. Alisoma herufi moja moja, kama alivyozoea, akasema kamera imeandika mwisho wa jina la faili kwa herufi kubwa, .JPG, na sisi ukurasani tumeandika kwa ndogo. Windows haijali tofauti hiyo. Seva nyingi za intaneti zinajali. Tulibadilisha jina, na samaki akatokea.

Miezi michache baadaye ikaja barua pepe kutoka Maskati, kwa mtu aliyejitambulisha kuwa mzaliwa wa Tanga. Aliwasifu, kisha akawakosoa: mlipoeleza misimu ya uvuvi mmeandika kwamba Desemba hadi Machi huvuma kusi. Hiyo ni kaskazi, wanangu. Kusi huanza Aprili. Niliichapisha barua na kuibandika mlangoni. Wengine walikasirika, maana hawakuwahi kusahihishwa na mtu asiye mwalimu. Binti wa Kigombe alirudi kwa babu yake kuhakikisha, akabadilisha ukurasa, na chini yake akaweka shukrani kwa msomaji. Hakuna aliyemwagiza.

Mwaka 2009 mambo mawili yalitokea karibu karibu. Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, inayoigusa pwani ile ya Kigombe. Na kampuni iliyokuwa inatuhifadhia kurasa bure ikafunga huduma yake. Tulipewa notisi, nikachoma kila kitu kwenye sidii, lakini anwani ambayo wanafunzi walikuwa wanaiandika nyuma ya madaftari na kuwapa ndugu wa mbali haikufungua tena. Iliniuma sana. Kazi ya watoto ilikuwa na haki ya kukaa kuliko hivyo, na bado nadhani shule za nchi hii zinastahili mahali pao wenyewe pa kuhifadhi kazi za wanafunzi, pasipotegemea hisani ya kampuni ya mbali.

Zile faili zinafunguka hadi leo, hata kwenye simu, kwa kuwa ni maandishi matupu. Mwaka huu niliwaonyesha kidato cha tatu. Wanaandika kwa wepesi ambao sisi hatukuwa nao, na wana programu zinazotengeneza ukurasa mzima bila alama hata moja ya kuandika kwa mkono. Walipomaliza kusoma, kikundi kimoja kilikuja na dai: ukurasa wa silikanti unaishia kabla ya hifadhi kutangazwa, hausemi wavuvi wa jarife walifanya nini baada ya hapo. Wanataka kuongeza sehemu hiyo. Nimewapa faili, na nimeomba shuleni nauli ya Kigombe.