Daftari la Pili la Mwalimu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya mwalimu ni maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, mitihani na alama za wanafunzi. Na siku hizi daftari lake aghalabu ni kompyuta moja tu. Mwalimu mmoja, jirani yangu hapa Tengeru, alipoteza alama za muhula mzima kompyuta yake ilipoharibika. Watoto waliojitahidi wakabaki bila ushahidi wa jitihada zao.

Nyumbani kwangu nimeweka daftari la pili kwa gharama ndogo. Ruta inayotuletea intaneti ina tundu la USB. Nimechomeka humo diski, kisha katika mipangilio ya ruta nikairuhusu itumiwe na vyombo vya nyumbani kwa nywila. Kompyuta yangu na ya mke wangu, ambaye naye ni mwalimu, huiona diski hiyo kama kabati la pamoja. Kila jioni programu hunakili humo mafaili yaliyobadilika. Kazi hii haili bando, kwa kuwa mafaili hayatoki nje ya nyumba.

Ndugu mwanachuo, zingatia mambo matatu.

Kwanza, nguvu ya ruta ni ndogo. Tundu la USB 2.0 hutoa kwa kawaida miliampia 500 tu, hivyo diski kubwa huenda ikahitaji umeme wake yenyewe. Tena, diski iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja lenye gigabaiti 4 au zaidi.

Pili, usiifungue diski hiyo kwa watu wa nje. Ruta za zamani hutumia toleo la kwanza la SMB, utaratibu wa kushirikiana mafaili ambao kasoro yake ilitumiwa na virusi vya WannaCry mwaka 2017. Alama za mtoto ni amana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yatudai tuzitunze.

Tatu, ruta na kompyuta zimo chini ya paa moja. Radi moja ya masika au mwizi mmoja aweza kuviangamiza vyote. Kwa sababu hiyo, kila mwezi hupeleka nakala ya tatu chuoni, katika kabati lenye kufuli.

Darasani huwaagiza wanachuo wafute faili la majaribio, kisha walirejeshe kutoka kwenye nakala. Nakala ambayo haijapata kufunguliwa ni tumaini tu. Mwalimu hawezi kumsomea mzazi tumaini badala ya alama.