Usiku Jua Lilipotikisa Ncha za Dunia, Nikiwa Ukweni Mazingara

Ukitaka kujua unamtegemea mwenzi wako kiasi gani, nenda mahali ambapo simu inashika kwa kubahatisha. Mimi nilijua Mazingara, Handeni, Mei 2024.

Kwa asiyepajua, ukitoka Dar unapita Chalinze, unavuka Mto Wami, kisha unaingia Handeni kwenye mashamba ya mahindi na udongo mwekundu. Ukinyoosha mbele utafika Korogwe, kwenye mkonge na milima ya Usambara. Nilikwenda peke yangu kumsalimia mama mkwe. Mume wangu alibaki mjini na, kwa kweli, tulikuwa tumenuniana. Alipewa uhamisho wa kwenda Mwanza, mimi sikutaka kuacha kazi yangu. Stendi aliniambia sentensi moja tu: "Jumapili nitakuandikia jibu langu."

Nilifika Ijumaa, tarehe 10. Usiku ule tulikula bada kwa samaki, tukakaa uani. Mwezi ulikuwa mwembamba kama ukucha, ukazama mapema, nyota zikabaki zinatamba. Ilikuwa kama saa 2 usiku na sikuona lolote geni. Kumbe ni saa hiyohiyo dunia yetu ilipopigwa kofi na Jua!

Nilijua kesho yake. Nyuma ya nyumba kuna kichuguu, na ukitaka mtandao lazima upande pale. Nikakuta picha kutoka kwa wifi yangu anayeishi Uingereza. Anga juu ya mapaa ya majirani zake lilikuwa la waridi na kijani, kama mtu kamwaga rangi. Mama mkwe aliitazama, akauliza, "Mwanangu, kunaungua wapi huko?"

Hakukuwa kunaungua. Basi ngoja nikueleze kama nilivyomweleza yeye. Jua huwa na madoa meusi, sehemu zenye usumaku mkali. Wiki ile kulikuwa na kundi la madoa lenye upana wa zaidi ya mara 10 ya Dunia. Likarusha mawingu ya chembe zenye umeme, moja baada ya jingine, yakasafiri kilomita milioni 150 hadi kwetu. Ikawa dhoruba kubwa kuliko zote tangu ile ya Oktoba 2003.

Bahati yetu Dunia ni sumaku kubwa, na usumaku wake ni ngao. Lakini ngao hiyo ina milango, nayo iko karibu na ncha za Dunia, kaskazini na kusini, ambako mistari ya usumaku inazama ardhini. Chembe hufuata mistari hiyo, zikagonga hewa ya juu, kilomita 100 na zaidi kutoka ardhini. Oksijeni hutoa kijani na nyekundu, naitrojeni hutoa zambarau na waridi. Dhoruba ikiwa kali, rangi hizo husogea mbali na ncha. Ndiyo maana wifi yangu alizipata nyumbani kwake bila nauli.

Lakini usidhani ni urembo mtupu. Umeme mwingi hupita angani kule juu, na usumaku wa Dunia huyumba. Mwaka 1741, huko Uppsala, Sweden, Anders Celsius na Olof Hiorter waliona sindano ya dira ikicheza kila anga lilipowaka rangi. Na Machi 13, 1989, kuyumba huko kulisukuma umeme ardhini, ukaingia kwenye gridi ya Quebec, Kanada. Watu wapatao milioni 6 walikaa gizani kwa saa 9. Hata Mei 2024 wakulima wa Marekani walisimamisha matrekta yanayoongozwa na GPS, msimu wa kupanda ukiwa umepamba moto.

Je, sisi huku? Karibu na ikweta mistari ya usumaku imelala karibu sambamba na ardhi, kwa hiyo chembe hazipati mlango. Hatuoni rangi. Lakini usumaku wetu nao ulipungua kwa muda, kama asilimia 1 hivi. Nyota zilikuwa zilezile na mahindi yalikuwa yaleyale, ila dira nyeti ingejua.

Sasa ikafika Jumapili, siku ya jibu. Nilipanda kichuguu saa 5 asubuhi nikaandika, "Vipi?" Alama moja tu, haikufika. Saa 7, kimya. Saa 10, kimya. Mwanzoni nililaumu Jua. Jioni nikamlaumu mume. Nikajiambia, huyu ameshaamua, anaogopa kuniambia. Machozi yakaanza kunilenga palepale juu ya kichuguu, mbuzi wananitazama.

Mama mkwe akaniita. "Umempigia?"

"Nimemwandikia mama, tangu asubuhi."

"Nimekuuliza umempigia?"

Akachukua kitochi chake, anachokichaji kwa sola ya bati la jikoni, akabonyeza. Ikaita mara mbili tu.

"Shikamoo mama! Huyo mke wangu yuko wapi? Namwandikia tangu asubuhi hajibu!"

Kumbe siku ile nyaya mbili za mtandao zilikatika chini ya bahari, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nchi nyingi za Afrika Mashariki ziliachwa na intaneti ya kusuasua. Jua halikuhusika, na mume wangu halikadhalika. Simu ya kawaida ilikuwa inapita muda wote.

Tuliongea mpaka salio la mama mkwe likaisha. Mwanza hakuikubali wala hakuikataa. Alisema hataki kuamua bila mimi, niwahi kurudi tukae chini. Nilirudi Jumatatu kwa basi la kwanza.

Mpenzi msomaji, mwenzio akinyamaza, usikimbilie kutunga hadithi. Inaweza kuwa Jua, inaweza kuwa waya baharini, inaweza kuwa yeye kweli. Lakini kabla hujalia juu ya kichuguu, piga simu.